Nani anauza mpira wetu, na nani anaununua?

Na Mwandishi Wetu, Musoma

WAFANYABIASHARA wadogo wa Musoma hawahitaji kuelezwa maana ya soka la kulipwa. Waliiona kwa macho yao kuanzia msimu wa 2018/19, Biashara United Mara ilipoingia Ligi Kuu na vigogo wa Dar es Salaam wakalazimika kufunga safari hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria. Siku Simba au Yanga inapocheza Uwanja wa Karume, nyumba za wageni hujaa tangu usiku wa kuamkia mechi, mama lishe hupika sufuria za ziada, bodaboda hawalali, na wachuuzi wa jezi kutoka Bunda na Butiama hutandaza bidhaa zao kandokando ya barabara tangu alfajiri. Septemba 2021 Simba ilikuja hapa ikaondoka na suluhu ya bila kufungana. Watu waliuza hadi maji ya kunywa yakaisha.

Mambo yakabadilika haraka. Msimu wa 2020/21 Biashara United ilikuwa imemaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, lakini haikusafiri kwenda kwenye mechi ya marudiano, ikatolewa bila kufungwa uwanjani. Msimu huohuo ukaisha vibaya zaidi, ikashuka daraja mwaka 2022. Mwaka 2024 ilifika kwenye mchujo wa kurudi Ligi Kuu dhidi ya Tabora United, ikakwama mlangoni. Wauza jezi wa Bunda wanajua hasara ya mlango ule kuliko mtu yeyote.

Sababu za timu kushuka ni nyingi, na nyingine ni za mpira wenyewe. Lakini moja ni ya kibiashara, na ndiyo inayogusa ukurasa huu: fedha za soka zinaingiaje, zinapitia mikono ya nani, na je, anayezigawa anabanwa na sheria yoyote kama anavyobanwa muuza sukari au mnunuzi wa pamba?

Jibu ni ndiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haikuandika popote kwamba mpira ni burudani tu na haiuhusu. Inazungumzia mtu yeyote anayefanya biashara, na klabu inayouza tiketi, jezi, haki za televisheni na nafasi ya nembo kifuani mwa mchezaji inafanya biashara. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake FCC, na Baraza la Ushindani, yaani FCT, ambako asiyeridhika na uamuzi wa Tume hukata rufaa.

Kwa ufupi, sheria inatazama mambo matatu. La kwanza ni makubaliano kati ya wafanyabiashara. Wanaoshindana wakikaa chini na kupanga bei, kugawana wateja, kususia mtu kwa pamoja au kupanga nani ashinde zabuni, hilo ni kosa, hata kama walikubaliana kwa mdomo kwenye kikombe cha chai. La pili ni mkubwa kutumia vibaya ukubwa wake. Kama ilivyotungwa mwaka 2003, sheria ilianza kumtazama kwa jicho hilo mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko. La tatu ni kampuni kununuana au kuungana. Tangu mwaka 2017, muungano unaovuka kiwango cha Sh 3.5 bilioni hauruhusiwi kukamilika kabla ya kupelekwa Tume. Faini kwa mujibu wa sheria ile ya 2003 si ya kuchezea: kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka.

Mkulima wa Bunda atatambua mara moja kwamba mambo haya si mageni kwake. Ni yaleyale ya pamba.

Baba zetu waliwahi kuuza pamba kwa wanunuzi ambao mizani yao ilikuwa na maradhi. Kila mkulima alikwenda peke yake na gunia lake, akapewa bei aliyopewa. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, ni miongoni mwa waliowaambia wakulima wa Kanda ya Ziwa wapime wenyewe na wauze kwa pamoja. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na hadi miaka ya mwanzo ya 1960 shirikisho hilo lilikuwa linashughulikia karibu pamba yote ya kanda hii. Baadaye ulikuja wakati wa mnunuzi mmoja, kisha mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kwanza ya kulinda ushindani, ambayo hii ya 2003 iliirithi. Kuanzia 2018 pamba ikaelekezwa tena kupitia AMCOS. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 70 tumejaribu karibu kila namna ya kuuza zao moja, na kila namna ilikuwa na wa kufaidi na wa kuumia.

Klabu za mpira nazo ziko kwenye swali hilohilo. Kila moja iuze haki zake za televisheni peke yake, au ziuze pamoja kama AMCOS?

Zikiuza kila moja peke yake, Simba na Yanga zitapata wanunuzi wanaogombana mlangoni. Timu ya Musoma au Tabora itapata anayepita akiuliza bei kisha akaondoka. Zikiuza pamoja, wadogo wanapata kitu. Hata hivyo, kwa jicho la sheria, kuuza pamoja ni washindani kukubaliana bei, jambo ambalo sheria inalikataza. Ndiyo maana nchi nyingi zimelazimika kuandika msamaha. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria maalumu ya mwaka 1961, ikiruhusu ligi zake kuuza haki za televisheni kwa pamoja. Ulaya ilichukua njia nyingine. Mwaka 2003 Kamisheni ya Ulaya iliiruhusu UEFA kuendelea kuuza Ligi ya Mabingwa kwa niaba ya klabu zote, lakini kwa masharti: zabuni iwe wazi, haki zigawanywe mafungu kadhaa badala ya kuuzwa kwa mkupuo, na mkataba usizidi miaka mitatu. England nayo, baada ya makubaliano na Kamisheni hiyo mwaka 2006, ikakubali kwamba mnunuzi mmoja asichukue mafungu yote ya mechi za moja kwa moja.

Sheria yetu pia ina mlango wa msamaha. Tume inaweza kuruhusu makubaliano ambayo kwa kawaida yangekatazwa, ikiridhika kwamba faida yake kwa umma inazidi madhara. Kwa maoni ya mwandishi, kuuza pamoja kwa Ligi Kuu kunastahili kabisa mlango huo. Bila hivyo hakuna timu ya mkoani itakayopumua.

Tatizo letu liko kwa mnunuzi.

Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh 225.6 bilioni. Ukigawanya tu kwa hesabu ya darasani ni wastani wa Sh 22.56 bilioni kwa mwaka, fedha ambazo soka la nchi hii halikuwahi kuziota. Bingwa aliahidiwa Sh 500 milioni. Mwenye kuona mbali asikimbilie kulaumu: kabla ya Azam kuingia mwaka 2013, mechi nyingi za mikoani zilikuwa hazionekani popote, na wachezaji walikuwa wanakaa miezi bila mishahara. Leo mwenye kibanda umiza pale Bunda anaonyesha mechi ya Mbeya na watu wanalipa kuitazama. Hiyo ni kazi ya fedha za kampuni hiyo, na ni haki kusema hivyo.

Lakini kampuni hiyo ni ya kundi la Bakhresa, ambalo ndilo mmiliki wa Azam FC. Anayenunua mazao ya AMCOS nzima ana shamba lake ndani ya AMCOS hiyohiyo. Yanga ililisema hili mwaka 2013 ilipopinga mkataba wa kwanza, pamoja na kulalamikia mgao uliokuwa unampa mkubwa na mdogo sawasawa. Wengi waliiona kama kelele za watani. Msimu huohuo Azam FC ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi, na sijapata kusikia mtu akisema kwamba ni kamera zilizofunga mabao. Hoja ya Yanga, hata hivyo, ilikuwa ya biashara, na haijajibiwa mpaka leo: klabu 16 zinamtegemea mshindani mmoja wao kwa sehemu kubwa ya kipato. Huyo mshindani anaweza kuwa mwungwana kwa miaka yote 10. Sheria ya ushindani haikutungwa kwa kutegemea uungwana.

Muda nao ni mrefu mno. Miaka 10 ina maana kwamba hadi msimu wa 2030/31 hakuna kituo kingine kitakachoingia sokoni, hata kikija na fedha mara mbili. Mkulima aliyewahi kupokea fedha za mbegu na dawa kabla ya msimu, kisha akaona bei inapanda wakati mavuno yake yameshafungwa kwa mtu mmoja, anaijua hali hii. Kipindi kile alichopokea fedha alikuwa na shida ya kweli na hakudanganywa na mtu. Alifunga tu mlango mapema.

Afrika imeshaliona hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliipa kampuni ya Ufaransa, Lagardère, haki za mashindano yake kwa miaka 12, kuanzia 2017 hadi 2028. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ushindani ya Misri ikalifungulia CAF mashitaka, ikisema kwamba haki zile zilitolewa bila ushindani. Chombo cha ushindani cha COMESA nacho kikaanza uchunguzi wake. Mwaka 2019 CAF ikauvunja mkataba. Tanzania tulijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo mkono wa chombo kile hautufikii. Tunabaki na Tume yetu.

Nembo kwenye mkono wa jezi

Kwa upande wa udhamini, kisa kilichofundisha zaidi ni cha GSM. Novemba 2021 TFF ilitangaza kampuni hiyo kuwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu kwa Sh 2.1 bilioni za miaka miwili, pembeni ya benki ya NBC iliyokuwa imechukua udhamini mkuu mwezi mmoja kabla. Klabu zote zikatakiwa kuvaa nembo ya GSM. Simba ikakataa. GSM ni mfadhili mkuu wa Yanga, na ilikuwa pia na mikataba na klabu nyingine za ligi hiyohiyo. Februari 2022 kampuni ikajiondoa, na fedha zile zikapotea kwa klabu zote, zikiwemo zilizokuwa hazina ugomvi na mtu.

Mitaani ugomvi ule ulisimuliwa kama utani wa jadi. Tuuvue jezi tuutazame ukiwa mtupu. Hapo kuna muuzaji mmoja tu wa nafasi ya matangazo ya ligi, yaani TFF. Kuna mfanyabiashara anayefadhili washindani wawili au watatu wanaokutana uwanjani. Na kuna klabu ambayo mwekezaji wake, Mohammed Dewji, ana bidhaa madukani zinazogombea wateja na za mwenye nembo. Kila upande ulikuwa na hoja. Ambacho hakikuwepo ni kanuni iliyoandikwa mapema ya kusema mdhamini wa ligi anaruhusiwa kufadhili klabu ngapi na klabu ina haki gani ya kukataa.

Ulaya hukumu ilishatolewa kuhusu jambo la aina hiyo. Desemba 21, 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikiamua kesi ya ligi mpya iliyotangazwa na klabu 12 mwaka 2021, ilisema kwamba FIFA na UEFA zinaweza kuwa na kanuni za kuidhinisha mashindano. Kosa lao lilikuwa kwamba vigezo havikuwa wazi wala havikuwa na mipaka, wakati wao wenyewe ni wafanyabiashara katika soko hilohilo. Refa anayeuza tiketi za mechi anayochezesha lazima awe na kitabu cha sheria kinachoonekana na wote. Hukumu ile haiifungi mahakama ya Tanzania, lakini TFF nayo inasimamia mpira na inauza mpira.

Tukirudi kwa Dewji, hapo ndipo Tume ilipoingia moja kwa moja kwenye soka letu. Desemba 2017 alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza Simba kwa Sh 20 bilioni. Serikali iliweka ukomo kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Suala likaenda FCC, likakaa. Mwaka 2021 mvutano wa nani anamchelewesha nani, klabu au Tume, ulizungumzwa hadharani, na mashabiki wengi ndipo waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna chombo kinaitwa hivyo. Wengine walikiona kama adui wa timu. Ni haki ya Tume kuuliza anayenunua ni nani, anamiliki nini kingine, na mali ya klabu, ikiwemo jina lake, imethaminiwaje. Kama kuna wa kulaumiwa kwa ucheleweshaji, lawama iende kwenye muda, siyo kwenye maswali.

Muuza jezi wa Bunda

Msomaji anayeuza jezi anaweza kusema haya yote ni ya wakubwa. Yeye ndiye ambaye Tume inaweza kumfikia haraka kuliko wote.

Tume ya Ushindani ndiyo pia inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ile inayohusu bidhaa bandia. Wakaguzi wake wanaweza kuingia dukani au ghalani, wakakamata mzigo na hatimaye kuuteketeza. Jezi ya Yanga au Simba isiyotoka kwa mwenye haki ni bidhaa bandia kama ilivyo betri au wino wa kichapishi. Kusema kwamba ulinunua kwa jumla Mwanza au Kariakoo bila kujua hakurudishi mzigo. Kinachosaidia ni stakabadhi yenye jina la aliyekuuzia, na kuuliza klabu au wakala wake nani ameidhinishwa kwa msimu huo, maana mawakala hubadilika na jezi ya msimu uliopita inaweza kuwa halali kabisa wakati ya msimu huu siyo.

Lakini sheria inakulinda pia. Klabu inaweza kumteua wakala mmoja. Hilo peke yake si kosa. Mawakala wawili wanaoshindana wakikubaliana kwamba jezi isiuzwe chini ya bei fulani Mara nzima, au kwamba wasimuuzie mchuuzi fulani kwa sababu anapunguza bei, hapo ndipo sheria inapoanza kuuma. Vivyo hivyo kwa wanunuzi wa pamba wakipanga bei kabla ya msimu kufunguliwa, na kwa mawakala wa samaki wakikaa mwaloni wakakubaliana kilo moja isizidi kiasi gani. Tofauti ni kwamba AMCOS inauza kwa pamoja hadharani, chini ya sheria ya ushirika na kwa bei inayotangazwa, wakati wale wanapanga gizani.

Mwenye kibanda umiza naye asome mkataba wa king'amuzi chake. Ligi Kuu iko mikononi mwa mtoa huduma mmoja, kwa hiyo ada ikipanda hana pa kukimbilia. Kupandisha bei si kosa kwa sababu tu bei imepanda. Lakini kutangaziwa mechi fulani kwenye kifurushi na usiikute ni jambo la kumlinda mlaji, na sehemu nzima ya sheria ileile ya 2003 inashughulikia matangazo ya kupotosha. Leseni na masafa ya utangazaji viko chini ya TCRA.

Malalamiko mtu yeyote anaweza kuyapeleka Tume, hata asiye na kampuni iliyosajiliwa, na si lazima awe na wakili. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, mwendo wa basi la asubuhi kutoka Musoma kupitia Bunda. Barua iseme nani amefanya nini, lini, kwa bidhaa gani na wewe umeumia vipi, na iambatane na stakabadhi, ujumbe wa simu au tangazo la bei. Watano walioandika pamoja kuhusu jambo moja hushughulikiwa kwa uzito kuliko mmoja aliyepiga simu akiwa na hasira.

Na kwa viongozi wa soka wa Mara, kama watapata timu ya kurudi Ligi Kuu kabla ya msimu wa 2030/31, kutakuwa na meza ya mkataba mpya wa televisheni, na kila klabu itakuwa na kiti. Maswali ya kwenda nayo ni yale ya mafungu, miaka, zabuni na mnunuzi mwenye timu yake ndani ya ligi. Mzee wa pamba wa Bunda anaweza kuwaandikia yote manne bila kuvaa miwani.